Kuchagua Eneo la Ubobezi kwa Frilansa wa Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa vijana wanaojiajiri Mtwara, Masasi, Nachingwea na Kilwa unafanana mno: ujuzi upo, ukurasa umefunguliwa, wanaposti kila siku, na bado simu haiiti. Nikifungua wasifu wao nakuta mstari wa aina hii: "Natengeneza nembo, mabango, tovuti, nahariri video, naandika makala, nasimamia mitandao ya kijamii. Karibuni wote."

Mtu huyo anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wengi walioko Dar es Salaam. Shida ni kwamba mteja akimaliza kusoma hana sababu ya kumkumbuka. Siku akihitaji kitu mahususi, atamtafuta anayejulikana kwa kitu hicho.

Wakiambiwa wabobee, wengi huchagua ujuzi mmoja, "basi mimi ni wa grafiki tu", halafu wanakwama palepale. Ubobezi unaojenga jina una sehemu tatu: mteja wa aina fulani, tatizo linalomsumbua, na kazi yako inayolimaliza tatizo hilo. Tena huthibitishwa na pesa ya mteja kabla hujaujengea ukurasa. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo, na ukiruka moja utairudia baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari kubwa, lile la kaunta buku. Simu haifai kwa kazi hii, maana utahitaji kuona kurasa mbili kwa pamoja.
- Simu janja yenye bando. Kompyuta utaihitaji kuanzia hatua ya 5, na hata hapo unaweza kuazima au kukodi muda stesheneri.
- Orodha ya watu 20 unaoweza kuwapigia au kuwafuata bila kutambulishwa na mtu.
- Mifano mitatu ya kazi ulizowahi kufanya, hata kama ni ya shule, msikitini, kanisani au ya shangazi yako.
- Akaunti ya WhatsApp Business, ambayo ni ya bure.
- Nauli kidogo. Baadhi ya wateja bora wa huku hawapo mtandaoni na itabidi uwafuate walipo.

Nembo na tovuti achana navyo kwa sasa.

## Hatua ya 1: Andika unachokijua, si ujuzi pekee

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika kazi ambazo mikono yako inaziweza: kuandika, kuchora kwa Canva, Excel, kutafsiri, kunukuu sauti, kupiga picha. Ukurasa huu utajaa haraka, na unafanana na wa vijana maelfu nchini.

Kulia andika mazingira unayoyaelewa kwa ndani. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Jiulize: nyumbani kwetu watu wanaishi kwa kazi gani? Ni mazungumzo gani ninayaelewa moja kwa moja ambayo mtu wa Arusha angehitaji kuelezwa? Watu huniita niwasaidie nini bila malipo?

Aliyekulia Newala au Tandahimba anajua ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) ni nini, salfa hupulizwa lini, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inafanya kazi gani na mfumo wa stakabadhi ghalani unaendaje hadi mnada. Aliyekaa na wabanguaji anajua kwamba W320 ni korosho nzima nyeupe zinazoingia takriban 320 kwa ratili moja, yaani kama gramu 454, na kwamba W180 ni ghali zaidi kwa sababu ni kubwa, zinaingia chache. Mbunifu wa grafiki asiyejua hilo ataandika "korosho bora" kwenye pakiti. Wewe utaandika daraja lake, na mnunuzi wa jumla atakuelewa papo hapo.

Wa Kilwa Masoko anajua kwamba mgeni hawezi kuvuka tu kwenda Kilwa Kisiwani, anahitaji kibali kwanza, na kwamba safari ya kisiwa cha Songo Mnara inataka mipango zaidi kwa sababu ni mbali, na kupwa na kujaa kwa maji nako kuna uamuzi wake. Magofu ya visiwa hivyo yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na wageni wanayatafuta. Ila jaribu kutafuta maelezo yaliyonyooka ya namna ya kufika: ni haba.

Wa Mtwara mjini amezungukwa na gesi ya Mnazi Bay na Madimba, kiwanda cha saruji, bandari, na wauzaji wadogo wanaotaka zabuni za taasisi za umma lakini NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, unawapiga chenga. Wa Lindi na vijiji vya pwani anawajua wakulima wa mwani, wavuvi wa pweza, watu wa chumvi na ufuta.

Lugha pia iandike. Kimakonde na Kimakua vinazungumzwa pande zote mbili za mto Ruvuma. Watafiti wanaofanya mahojiano vijijini huhitaji mtu wa kuyasikiliza, kuyanukuu na kuyatafsiri bila kupoteza maana, na mtu huyo hapatikani Dar es Salaam kirahisi.

Dalili ya kufaulu: ukurasa wa kulia una mambo yasiyopungua kumi, na angalau matatu kati yake uliona aibu kidogo kuyaandika ukidhani hayana thamani. Yawekee alama hayo matatu.

## Hatua ya 2: Unganisha kurasa mbili kuwa sentensi

Chukua kitu kimoja kushoto na kimoja kulia, kisha jaza sentensi hii:

*Ninawasaidia (nani) wanaosumbuliwa na (tatizo gani), kwa (kazi gani), ili wapate (nini).*

Andika tano. Hizi ni za mfano:

1. Ninawasaidia wabanguaji wadogo wa korosho ambao maduka yanawakatalia kwa sababu pakiti zao hazina maelezo kamili, kwa kuwatengenezea lebo, ili bidhaa ikae kwenye rafu.
2. Ninawasaidia wenye nyumba za wageni Kilwa ambao wageni huwauliza maswali yaleyale kila siku, kwa kuandaa maelezo ya Kiingereza na Kiswahili ya safari za magofuni, ili mgeni aweke nafasi bila simu kumi.
3. Ninawasaidia wauzaji wadogo wanaoshindwa kukamilisha nyaraka za zabuni, kwa kuzipanga na kuwaelekeza kwenye NeST, ili wasitolewe kwa kosa la karatasi.
4. Ninawasaidia watafiti wenye saa nyingi za mahojiano ya Kiswahili na Kimakonde, kwa kuyanukuu na kuyatafsiri, ili waanze uchambuzi mapema.

Ya tano ni yako.

Onyo: "wafanyabiashara wadogo" si mteja. "Wajasiriamali" si mteja. Kama huwezi kusema anapatikana wapi Jumanne saa nne asubuhi, bado hujamtaja.

Dalili ya kufaulu: ukimsomea rafiki sentensi hiyo, anakujibu kwa jina la mtu. "Aah, huyo ni kama mama fulani pale Ligula." Akijibu tu "wazo zuri", rudi uikaze.

## Hatua ya 3: Chuja kwa maswali manne

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanachagua sentensi inayowapendeza, si ile inayoweza kuwalisha.

Je, ana pesa ya kulipia hili, na anaipata lini? Kwa mikoa yetu neno "lini" lina uzito kuliko "kiasi gani". Minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na pesa huzunguka hadi mwanzoni mwa mwaka. Ufuta hushika zamu katikati ya mwaka. Ukichagua wateja wanaotegemea korosho, utakuwa na miezi minne ya mbio na mingine ya ukimya. Hilo halikufukuzi, ila lazima upange mguu wa pili: mbunifu wa lebo za korosho anaweza kushika lebo za ufuta, asali na chumvi kwa wateja wa aina ileile. Bado ni ubobezi uleule, vifungashio vya chakula.

Mbanguaji anayenunua korosho msimuni na kuuza zilizobanguliwa mwaka mzima ni mteja mzuri kuliko mkulima anayelipwa mara moja au mbili. Tofautisha hao wawili. Vijana wengi wanasema "wateja wangu ni watu wa korosho" na kuwachanganya wote.

Je, tatizo linajirudia? Nembo hutengenezwa mara moja. Lebo hubadilika kila saizi ya pakiti, kila ladha, kila agizo la duka jipya. Zabuni zinakuja mwaka hadi mwaka. Kazi inayojirudia hukulipa bila kutafuta mteja mpya kila wiki.

Je, unaweza kuwafikia kumi bila kutumia tangazo la kulipia? Angalia ile orodha ya watu 20. Si lazima wawe wateja wenyewe. Katibu wa kikundi cha wanawake au mtu wa stesheneri panapochapwa lebo anawajua wote.

Je, nina cha ziada kuliko frilansa wa mbali? Kama mtu wa Nairobi anaweza kuifanya kazi hii vizuri sawasawa na wewe bila kukanyaga Mtwara, mtashindana kwa bei.

Ipe kila sentensi alama moja kwa kila "ndiyo" ya kweli. Yenye tatu au nne inaendelea. Zikifungana, chagua ile ambayo wateja wake wako karibu nawe kwa miguu au kwa bajaji.

## Hatua ya 4: Ongea na watu kumi kabla ya kuposti chochote

Sababu ni moja: unachodhani kinamsumbua mteja mara nyingi si kile kinachomsumbua. Ukianza na ukurasa, utautetea. Ukianza na mazungumzo, utajirekebisha bila gharama.

Nenda bila bei na bila kipeperushi. Kwa mama mbanguaji mwenye umri wa kukuzaa, mazungumzo yanaanza kama yanavyoanza siku zote:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante mama. Sijaja kuuza kitu. Najifunza kazi ya lebo za korosho, naomba dakika zako kumi nikuulize ulivyofanya hizi zako."

Kisha uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Nani alikutengenezea lebo hii? Ulimlipa? Ilichukua siku ngapi? Kitu gani kilikuudhi? Kuna duka limewahi kukurudishia mzigo? Walisema kwa nini?

Usimuulize "ungelipia lebo nzuri?" Mtu muungwana atakujibu ndiyo ili usivunjike moyo, na jibu hilo halina kazi. Aliyewahi kulipa huko nyuma ndiye ushahidi.

Andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "lebo inachubuka mafuta yakishika", andika hivyo hivyo. Baadaye sentensi hiyo itakuwa tangazo lako bora kuliko lolote utakalotunga.

Onyo: usichukue picha ya bidhaa, karatasi za biashara au uso wa mtu bila ruhusa. Miji yetu ni midogo, na jina likiharibika Chikongola, kufika jioni limefika Mikindani.

Dalili ya kufaulu: kati ya watu kumi, angalau watatu wametaja tatizo moja bila wewe kuwatajia. Mmoja akiuliza "wewe unaweza kunifanyia?", umepata njia. Kama hakuna hata wawili wanaofanana, rudi hatua ya 2 na sentensi nyingine. Daftari bado lina nafasi.

## Hatua ya 5: Pata kazi tatu za kulipwa

Kazi za bure hazikupi ushahidi. Mteja asiyelipa hakukosoi kwa ukweli, hakuletei maelezo kwa wakati, na hawezi kukwambia kama bei ni halali. Bei ya chini ya kuanzia inakubalika. Bure haikubaliki, hata kwa ahadi ya "nitakutangaza".

Makubaliano yaandikwe, hata kwa WhatsApp. Ujumbe kama huu unatosha:

"Mama, tumekubaliana hivi: lebo moja ya pakiti ya gramu 250, mbele na nyuma, marekebisho mara mbili. Nakuletea Ijumaa. Malipo nusu leo, nusu ukishaiona na kabla sijatuma faili la kuchapa. Ukitaka saizi nyingine tutapanga bei yake."

Kila sehemu ina sababu. Saizi imetajwa ili isigeuke saizi tatu. Marekebisho yana idadi ili kazi iwe na mwisho. Faili la kuchapa linabaki kwako hadi salio liingie, kwa sababu likishatoka mkononi huna cha kudai.

Katika kazi hizi tatu ndipo unaonyesha unajua. Kwa mfano wetu wa lebo ya korosho, usianze na rangi. Anza na yanayotakiwa kuwepo: jina la bidhaa, uzito halisi, viungo (kama ni za chumvi, chumvi iandikwe), tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina na mahali alipo mzalishaji. Weka pia tahadhari ya mzio, maana korosho huwadhuru vibaya baadhi ya watu. Marekani na Umoja wa Ulaya sheria zinalazimisha itajwe, kwa hiyo mteja mwenye ndoto ya kuuza nje ataizoea mapema. Kama analenga supamaketi, acha nafasi ya msimbo pau (barcode). Iliyosajiliwa Tanzania huanza na 620.

Onyo kubwa: usiweke alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye lebo ya mteja asiye na leseni ya alama hiyo, hata akikusihi, hata akisema "wenzangu wote wameweka". Ni kosa kisheria na jina linalochafuka ni pamoja na lako. Mwelekeze ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, aanzie hapo kupata mwongozo wa TBS. Ushauri huo wa bure utamfanya akukumbuke kuliko rangi za lebo.

Aliyechagua NeST naye ana onyo lake: usikae na nywila ya mteja. Mkae pamoja, aandike mwenyewe, wewe umwelekeze. Aliyechagua kunukuu mahojiano asihifadhi sauti za watu baada ya kazi kukabidhiwa.

Dalili ya kufaulu: watu watatu wamelipa kamili, na angalau mmoja amerudi au amemleta mwenzake.

## Hatua ya 6: Sasa jenga jina

Una wateja, una maneno yao, una kazi za kuonyesha. Sasa ukurasa una cha kusema.

Tumia jina lako halisi. Kampuni yenye jina kubwa la Kiingereza na mtu mmoja nyuma yake haiongezi imani Masasi wala Lindi. Zaidi ya hapo, jina lako utakwenda nalo hata ukibadili ubobezi baadaye.

Wasifu uwe ile sentensi ya hatua ya 2, iliyofupishwa:

*Natengeneza lebo za korosho na vyakula vilivyofungashwa, zenye maelezo yote yanayotakiwa dukani. Mtwara. Kazi siku tano.*

Jina, picha na namba ya simu viwe vilevile kila ulipo. Kwenye katalogi ya WhatsApp Business weka huduma tatu tu. Ukiweka kumi na mbili umerudi ulikotoka.

Cha kuposti kisikusumbue. Lebo ya zamani na mpya kandokando, kwa ruhusa ya mwenye bidhaa. Jibu la swali moja ambalo mteja alikuuliza wiki hiyo. Kosa moja la kawaida na namna ya kulirekebisha, bila kumtaja aliyelifanya. Mara mbili kwa wiki inatosha, mradi kila chapisho lihusu mteja yuleyule.

Itakuja kazi nje ya ubobezi, harusi, msiba, kampeni. Ukihitaji pesa ichukue, ifanye vizuri, usiiposti.

## Hatua ya 7: Wateja wa mbali, kwa wanaowalenga

Hatua hii ni ya wale ambao mteja wao hayupo mkoani, kama watafiti au wauzaji wa korosho nje ya nchi. Wengine iacheni.

Kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni kama Upwork au Fiverr usijitangaze kama mwandishi wa jumla. Jitangaze kwa kile ambacho mteja hawezi kukipata kwingine: mahojiano ya Kimakonde, au maelezo ya bidhaa za korosho kutoka kwa mtu anayejua madaraja yake. Weka bei ukikumbuka makato. Fiverr inachukua asilimia 20, hivyo kazi ya dola 50 inakuletea dola 40 kabla ya gharama za kuzitoa. Wengi nchini hupokea kupitia Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje. Hakikisha majina kwenye akaunti yanalingana na ya kitambulisho chako, herufi kwa herufi.

Panga saa. Saa tisa alasiri ya Mtwara ni saa mbili asubuhi New York wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo asubuhi yako yote ni ya kufanya kazi kimya na alasiri ni ya kujibu ujumbe. Na kabidhi siku moja kabla. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota nchini.

## Hatua ya 8: Pima baada ya miezi mitatu

Kwenye daftari andika kila mteja, alikujaje, alilipa kiasi gani, na kama amerudi. Miezi mitatu ikiisha soma safu ya "alikujaje".

Kama wengi wametumwa na wateja wa awali, ubobezi umeshika. Nenda TRA uchukue TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, kwa sababu wateja wakubwa na taasisi wataanza kukudai risiti na usajili.

Kama wateja wapo lakini wanavutana nawe kwa bei, badili sehemu moja tu ya sentensi. Shikilia kazi na tatizo, badili mteja: kutoka mbanguaji mmojammoja kwenda kikundi kilichosajiliwa, au kutoka nyumba ndogo ya wageni kwenda yenye wageni wa nje. Anayebadili sehemu zote tatu kwa pamoja anaanza upya, na kazi zake za awali hazimsaidii.

Kama hakuna aliyerudi, wapigie wale watatu wa kwanza uwaulize kwa upole kazi yako iliwafaa wapi na ikawaangusha wapi, kabla hujagusa wasifu.

Bei ipandishe kwa mteja mpya anayefika akisema "nimeelekezwa kwako na fulani". Huyo amekwisha kuambiwa unafanya nini na unafanya vizuri kiasi gani. Wateja wa zamani waarifu mapema na uwaachie bei ya awali hadi msimu uishe.